Damu Iliyobaki Kwenye Chujio

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Mke wangu ameitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na kila asubuhi saa kumi na moja nafungua macho, naiangalia, inaniambia niwahi, nami sina pa kuwahi. Sijui nani alichagua zawadi hiyo kwa mtu anayestaafu. Lakini asanteni, ni nzuri, na inatembea.

Sista Jesca, ambaye sasa ndiye kiongozi wa kitengo, aliniambia wakati tunakata keki, "Baba, haya unayotusimulia kwenye chai yaandike, tutawapa wahudumu wapya." Nikamjibu kwamba mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa miaka miwili. Akasema, "Andika unavyoongea." Basi nimenunua kaunta buku, na mkichoka mlaumuni yeye, kwa sababu mimi nikiongea huwa napitia kwa jirani kwanza.

Nianzie mlimani. Kabla ya hospitali nilikuwa mpima kahawa huko juu, upande wa Meru, ambako kila boma lilikuwa na kahawa chini ya migomba na kanisa lilikuwa karibu kuliko duka. Mpima kahawa hana rafiki. Ukisoma kilo thelathini, mwenye gunia anaondoka akijua umemwibia mbili, na Jumapili mnakaa benchi moja kanisani bila kuangaliana. Pale nilijifunza jambo moja tu, nalo limenilisha maisha yote: nisiangalie mshale wa mizani peke yake, niangalie na uso wa mtu aliyeleta mzigo. Mshale unakuambia uzito. Uso unakuambia alitegemea nini. Baadaye watu walianza kung'oa mibuni wakapanda nyanya na parachichi, kituo cha kununua kahawa kikafungwa, nikashuka mjini na mke na godoro. Tulipanga chumba Sekei, nikapata kazi ya kufagia hospitalini. Nilifagia wodi ya wazazi, nikafagia wodi ya wanaume, nikafagia ile korido ndefu ya kwenda mochwari ambayo sitaisimulia hapa.

Ndipo zikaja mashine za kusafisha damu. Zilikuja kwenye makreti ya mbao, na sisi wahudumu tuliyagombania hayo makreti kuliko mashine. Mpaka leo banda langu la kuku lina ubao ulioandikwa Kichina au Kijapani, sijui. Wakatafuta mtu wa kukaa kitengo kipya. Wenzangu waliogopa, walisikia kwamba damu ya mtu inatoka nje, inazunguka kwenye mipira, inarudi. Mimi nilikuwa nimechoka na ile korido. Nikasema niende.

Aliyekuwa akikiongoza kitengo alikuwa Sista Anande, mama wa Kimeru, mfupi, anayetembea kama ameacha chungu jikoni. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia buti za mpira mpaka kichwani.

"Umesoma, baba?"

"Nimesoma mizani," nikamwambia.

Hakucheka. Akanipeleka pembeni ya mlango, penye mizani ya kusimama, akasema, "Basi hii ni yako. Akiingia mpime, akitoka mpime. Ukikosea hapa, huko ndani sisi wote tunakosea."

Kwa nyie wapya, nieleze kwa nini. Mtu ambaye figo zake zimekufa hakojoi, au anakojoa kidogo tu. Kila anachokunywa kinabaki mwilini. Anakuja mara tatu kwa wiki, anakaa saa nne, mashine inatoa uchafu na inatoa maji. Mashine haijui itoe maji kiasi gani mpaka uiambie, na nesi hawezi kuiambia mpaka mizani iseme. Kila mgonjwa ana uzito wake mkavu, yaani uzito anaotakiwa kuwa nao bila maji ya ziada. Anayekuja na ziada kubwa anapumua kwa shida, na siku moja moyo unakataa. Kwa hiyo niliwasema sana kuhusu maji. Niliwatania. Mtu akipanda na kilo nne za ziada namwambia, "Mzee, umekuja na mto Themi mfukoni." Wakaniita Mzee Mizani, na jina langu la ubatizo likapotea.

Sijui kuficha makosa, kwa hiyo niyaseme kwa mpangilio. Kosa la kwanza lilikuwa la friji. Kuna sindano ya kuamsha damu, mnaijua, ile inayokaa kwenye vichupa vidogo. Sista Anande alinituma niipokee stoo ya dawa, akaniambia iwe kwenye baridi. Mimi mtu wa mlimani nikawaza, baridi kidogo ikiwa nzuri, baridi kubwa ni nzuri zaidi. Nikavipanga vyote juu, kwenye barafu. Asubuhi alishika kichupa kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, ndani kuna jiwe jeupe. Ile dawa ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka inabaki maji tu. Hakunifokea. Aliniweka nikae kwenye kiti cha mgonjwa akanieleza sindano ile ni nini, ili, kama alivyosema, nisiue kitu nisichokijua.

Aliyonieleza nayarudia hapa, kwa sababu wengi wenu mnabeba vichupa hivyo mkidhani ni vitamini.

Figo haitoi mkojo tu. Figo ndiyo inayopeleka taarifa kwenye mifupa, ikisema tengenezeni damu. Ikifa, taarifa haiendi, na mifupa inakaa kama vibarua ambao msimamizi hakuja. Ndiyo maana wagonjwa wetu wanakuwa weupe midomoni na wanahema wakipanda ngazi tatu. Ile sindano ni taarifa ya bandia. Inafika kwenye mifupa inasema, amkeni.

"Wameamka," Sista Anande akasema. "Sasa watajengea nini?"

Nikakiangalia kile kichupa cha barafu.

"Chuma, baba. Damu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Unawajua mafundi wa Ngarenaro wanaotengeneza majiko kwa mabati chakavu? Mwili ni fundi wa namna hiyo. Chembe ya damu ikizeeka inavunjwa, chuma chake kinachukuliwa, kinatengeneza nyingine. Karibu chuma chote unachotumia leo kilikuwa damu yako ya zamani. Kipya kinachoingia kwa chakula ni kidogo sana. Kwa hiyo kikitoka nje na damu, kimekwenda, hakirudi."

"Si wameze vile vidonge vya akina mama wajawazito?"

"Wanameza. Lakini ini ndilo lenye funguo. Mtu akiwa na ugonjwa wa kudumu, ini linadhani kuna wezi nje, kwa sababu vijidudu vya magonjwa navyo vinakipenda chuma. Linafunga geti la utumbo, vidonge vinapita na choo. Linafunga na stoo. Unampima mtu, chuma kiko stoo, barabarani kwenye damu hakuna, na mifupa inalia njaa. Wewe ulikuwa kwenye kahawa. Kahawa iliyofungiwa stoo inakobolewa?"

Hapo ndipo nilielewa. Chuma kilichofungiwa, na chuma kilichoko barabarani. Ndiyo maana kuna ile dawa ya chuma ya kupitisha kwenye mshipa, ya rangi ya maji ya kutu, inayodondoka polepole mwishoni mwa kipindi. Inalizunguka geti. Nilipenda sana kuitazama ikishuka. Nilikuwa nasema moyoni, haya, gari la mzigo hilo.

Sasa nifike kwa Ndeshi, maana ndiye aliyenifanya ninunue kaunta buku.

Ndeshi alikuwa mwanamke fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa Ngarenaro, karibu kabisa na hao hao mafundi wa majiko. Alisema amezoea kushona kwa mdundo wa nyundo, na mashine zetu zilimpa usingizi kwa sababu ya ukimya. Umri wake haukufika arobaini. Presha ilimla figo akiwa anajua ana presha na hanywi dawa, kwa sababu alijisikia mzima. Alikuwa na kaka mmoja, Godi, mkulima wa kahawa na migomba huko huko kwetu juu, na Godi alikuwa amekubali kumpa figo moja. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vizuri. Kilichobaki kilikuwa damu ya Ndeshi. Ilitakiwa ipande na itulie, ndipo wasafiri kwenda kwenye upasuaji.

Nami nilikuwa kwenye chumba nikifuta sakafu daktari alipowaeleza kitu kimoja, nikakisikia kama wao. Alisema, "Damu ya kuongezewa ni njia ya haraka, lakini kwake nataka iwe ya mwisho kabisa. Damu ya mtu mwingine inaweza kuufundisha mwili wake kukataa vitu vya watu. Ukishajifunza, unaweza ukaikataa na figo ya Godi. Na Godi tunaye mmoja."

Godi akajibu, "Hata mama alisema mmoja anatosha."

Basi wakaanza. Sindano ya kuamsha, mara tatu kwa wiki. Chuma cha mshipani. Mwezi wa kwanza kipimo cha damu yake, ambacho kwa mwanamke mzima wa afya hufika kumi na mbili, kilipanda kutoka saba mpaka nane na kitu, tukafurahi. Mwezi wa pili ikarudi saba na nusu. Wakaongeza sindano. Wa tatu, saba. Walimpima kinyesi kuangalia kama anavuja tumboni, hakuna. Wakampima vijidudu, malaria, kila kitu, hakuna. Daktari akawa anaangalia makaratasi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa.

Godi naye alikuwa na matibabu yake. Kila Jumamosi alishuka na kapu. Mtori wa ndizi na nyama, juisi ya viazi vyekundu, rozela kwenye chupa ya lita tano, parachichi zinazojaza kiganja. Sista Anande alisimama mlangoni kama polisi wa barabarani.

"Godi, mwanangu, parachichi na ndizi na hiyo juisi vimejaa potasiamu. Figo hazipo za kuitoa. Utamsimamisha moyo."

"Sista, potasiamu siijui. Najua dada yangu hana damu. Kwetu asiye na damu anapewa mtori."

"Ndizi menya, kata vipande, chemsha, maji mwaga, chemsha tena. Kidogo."

"Huo sasa si mtori, ni maji yaliyowahi kukutana na ndizi."

Ndeshi alikuwa kwenye kiti, mipira mkononi, akasema bila kufungua macho, "Kaka, mpe Mzee Mizani huo mtori. Yeye figo zake zinafanya kazi."

Nami niliula, nikaumaliza, sioni aibu. Ulikuwa na nyama ya mbavu. Wiki iliyofuata Godi alikuja na wazo la damu ya ng'ombe na maziwa, kama wanavyokunywa majirani zetu Waarusha. Sista Anande alikaa chini kwanza. Akamweleza habari za geti la utumbo, kwa upole, mara mbili. Godi akasikiliza yote, akauliza, "Sasa kama geti limefungwa, hiyo damu mnayosema ameipata mwezi wa kwanza ilitokea wapi, na imekwenda wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa pale, na lilitoka kwa mtu mwenye kapu.

Sasa mimi. Kazi yangu ya pili, baada ya mizani, ilikuwa kukusanya vilivyotumika. Kipindi kikiisha, nesi anarudisha damu ya mgonjwa mwilini. Anasukuma kwa maji ya chumvi ya dripu, damu iliyoko kwenye mipira na kwenye chujio, lile bomba la plastiki ambamo damu husafishwa, inarudi kwa mwenyewe, na chujio linabaki la rangi ya waridi hafifu, karibu jeupe. Nikishamaliza kumpima mgonjwa natoa mipira na chujio, naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, napeleka kwenye tanuri la kuchomea. Kila siku, machujio yote, mikono yangu. Manesi wana zamu. Leo huyu, kesho yule. Daktari anakuja Jumatatu na Alhamisi. Mimi nilikuwepo kila siku mashine zilipowaka.

Na chujio la Ndeshi lilikuwa jekundu.

Si siku moja. Nililiona mara ya kwanza wakati wa mvua za vuli, nikadhani damu imeganda, hutokea. Nikaliona tena. Jekundu kama nyanya iliyoiva, na mipira nayo ina mistari. Nililitupa. Mara nyingine lilikuwa afadhali, mara nyingine baya zaidi, na mimi nililitupa tu. Nilijua damu isiyorudi ni chuma kisichorudi. Nilifundishwa hilo nikiwa nimekalia kiti cha mgonjwa. Nililijua, na nilifunika ndoo.

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka. Sababu moja ni kwamba mwaka mmoja kabla nilimwambia nesi kijana kwamba mgonjwa wake anaonekana vibaya, akanijibu mbele ya watu, "Baba, wewe pima." Nikasema haya, napima. Mtu wa darasa la nne ana kiburi chake. Ukimwambia akae pembeni, anakaa pembeni mpaka nyumba iungue. Sababu ya pili sikuijua wakati ule, ningeijua ningekimbia.

Mwezi wa nne damu ikaja sita. Daktari alimwita Godi kwenye kiti cha Ndeshi, Sista Anande akiwepo, na mimi na ufagio wangu. Akasema, "Siwezi kumwacha hivi, moyo unapiga kama umekimbia. Leo ni Alhamisi. Jumatatu nampima tena. Ikiwa imeshuka hata kidogo, namwongezea damu."

"Na figo?" Godi akauliza.

"Tutaomba Mungu mwili usikatae."

Godi alitoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi, ameshika kapu tupu. Mtu mkubwa, mabega ya jembe, analia kimya kimya huku anafukuza inzi. Akaniambia, "Mzee, hii figo nimeitunza. Nimeacha hata pombe. Sasa nimpe nani?"

Nikarudi ndani. Kipindi cha Ndeshi kilikuwa kimeisha. Nikalitoa chujio lake, na mara hii sikulitia kwenye ndoo. Nikalichukua na machujio mengine matatu ya asubuhi ile, nikavaa glavu mpya, nikayapanga kwenye sinia la chuma, nikaenda chumba cha Sista Anande, nikaliweka mezani kwake. Matatu meupe, moja jekundu.

Aliangalia muda mrefu.

"La nani?"

"La Ndeshi."

"Leo tu?"

"Tangu vuli."

Aliinua macho. Nilisubiri anifokee, na nawaambia ukweli, ningefurahi. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba, katika kitengo hiki chote, wewe peke yako ndiye uliyepo siku zote." Basi. Hajawahi kulirudia tena neno hilo, na sijawahi kulisahau.

Tukaenda kwa Ndeshi. Alikuwa bado amekaa, anafunga kitambaa chake, anapata nguvu ya kusimama. Sista Anande akavuta kigoda.

"Ndeshi, mwanangu, wakati wa kukutoa kwenye mashine, damu inarudishwa yote?"

"Inarudishwa."

"Yote?"

Akasitasita. "Huwa nawaambia wasinirudishie na yale maji. Nakaa hapa saa nne natolewa maji, halafu dakika ya mwisho mnanirudishia ya dripu. Nawaomba wasukume kidogo tu, wafunge. Wengine wanakataa. Wengine wananihurumia."

"Na hukuniambia?"

"Si maji tu, sista? Nimekatazwa maji."

"Nani alikuambia hayo ya dripu yanahesabiwa?"

Ndeshi hakutaja jina. Alinyoosha kidevu chake ukutani nyuma yangu, pale penye mizani. Nikageuka, ingawa nilijua kuna nini.

Kulikuwa na ubao wangu mdogo. Niliutengeneza mwenyewe kwa kipande cha lile kreti, nikaupaka rangi nyeusi upande usio na maandishi. Kila wiki niliandika kwa chaki jina la mgonjwa aliyekuja na ziada ndogo kuliko wote juu ya uzito wake mkavu. Juu niliandika BINGWA WA MIZANI. Wagonjwa waliupenda, waligombea, walitaniana, na maji walipunguza kweli. Daktari alinisifu mbele ya wageni. Na tangu vuli, wiki kwa wiki, jina lilikuwa moja. Ndeshi. Ndeshi. Ndeshi. Nilikuwa nikilifuta Jumatatu na kuliandika tena lile lile, na nilikuwa naona fahari, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha.

Fahari hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya pili ya kufunika ndoo.

"Hayo maji," Sista Anande akamwambia, "tumeshayahesabu kabla hujakaa. Mashine inaambiwa itoe ya kwako na itoe na hayo tutakayokurudishia. Ukiyakataa hupati faida yoyote. Unachokiacha ndani ni damu."

Nje walikuwa wanakata majani kwa fyekeo, nakumbuka ule mlio. Mwishowe Ndeshi akasema, "Kwa hiyo miezi yote nilikuwa namwaga damu yangu mwenyewe."

"Tulimwaga wote," nikasema. Nilichukua ubao, nikaufuta kwa kiganja, ile chaki ikanibaki mkononi. Sikuwahi kuandika tena. Ubao huo sasa ni ule ulioko kwenye banda la kuku.

Daktari alipoelezwa hakumlaumu mtu, alikaa tu akashika kichwa. Jumatatu alipima. Sita ile ile, haikushuka, haikupanda. Akasema, "Nampa wiki mbili. Si zaidi." Sista Anande akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye fomu ya kila mgonjwa mstari mpya, ule mnaojaza mpaka leo bila kujua ulitoka wapi: rangi ya chujio baada ya kurudisha damu. Na mbele ya mstari akaandika, ajaze mhudumu.

Wiki ya kwanza ikaja sita. Sikulala vizuri. Gari la mzigo lile la maji ya kutu lilikuwa likishuka kila kipindi, sindano zile zile, na mimi nilisimama kila Ndeshi alipotolewa kwenye mashine, nikiangalia damu inavyosukumwa, mpaka nesi akaniambia, "Baba, unanitisha." Chujio likatoka jeupe. Jeupe. Jeupe. Wiki ya pili ikaja sita na nusu. Daktari akakubali kusubiri. Mwezi uliofuata saba na kitu, kisha nane, na siku ilipofika kumi Godi aliingia na kapu, akamfunulia Sista Anande kabla hajaulizwa. Ndani kulikuwa na mayai.

"Mayai tu," akasema. "Nimeogopa kuleta kitu chenye jina."

Walisafiri baada ya Pasaka. Nilimpima asubuhi ya mwisho, nikaandika, tukaagana kama watu wanaokutana kesho.

Siwezi kuwaambia kila aliyekuja pale alipona. Mnajua wenyewe, mnafuta majina kwenye orodha kama nilivyofuta mimi. Wengine niliwapima na kuwapenda na wakaondoka kwa ile korido. Ndiyo maana nimewaandikia la huyu kwa urefu: kwa sababu lilikuwa ndani ya ndoo, na ndoo ni yenu. Daktari anasoma karatasi, nesi anasoma mashine. Kilichobaki hakuna anayekisoma ila anayekibeba. Ukiona kitu, kiweke kwenye sinia ukipeleke. Wakikuambia wewe pima, sema naam, halafu kipeleke. Na ukipata njia ya kumsifu mgonjwa, angalia kwanza atalipa nini ili asifiwe.

Niseme na hili, halafu nifunge buku, kuku wanapiga kelele.

Mwaka uliofuata, asubuhi, nilikuwa nafuta mizani. Mtu akasema nyuma yangu, "Shikamoo, Mzee Mizani." Sikumtambua. Mashavu yalikuwa yamejaa, na midomo ilikuwa na rangi. Alikuwa na gauni aliloshona mwenyewe, mkono mrefu kufunika ule mshipa uliovimba kwa sindano za mashine. Godi alikuwa nje kwenye kivuli, anaongea na mlinzi kuhusu bei ya parachichi, figo moja, mzima kama gogo.

Ndeshi alichungulia ndani, akawaona wenzake kwenye viti, akarudi nyuma ili wasimwone. Kutoka kwenye mkoba akatoa chupa ya maji, ya nusu lita, haijafunguliwa. Akaifungua pale koridoni, mbele yangu mimi tu, akainywa yote. Hakufanya haraka. Alikuwa anasimama katikati, anapumua, anaendelea, mpaka chini kabisa. Nilihesabu mafunda kisha nikapotea.

Akafunga kifuniko, akavua viatu, akapanda kwenye mizani.

"Haya," akasema. "Imeongezeka kiasi gani?"

Nikamwambia sijaangalia. Nilikuwa namwangalia yeye usoni.